Kifua Safi

Siku ya kuchagua idara ilipangwa iwe Ijumaa saa nne asubuhi, katika ukumbi mkubwa wa mihadhara, ule wenye viti vinavyojikunja vyenyewe na kumfinya mtu makalio. Mimi nilikuwa nimeshachagua tangu nina miaka tisa. Kwa haki kabisa ningebaki nyumbani nikalala, halafu wakanitumia barua.

Utaratibu wa chuo chetu hauna huruma, ila ni rahisi kuuelewa. Mwaka wa mwisho, matokeo yakishatoka, tunapangwa kwa alama, wa kwanza hadi wa mkia. Mbele kuna ubao, na ubaoni zimeandikwa idara zote za hospitali na idadi ya nafasi: upasuaji tatu, uzazi nne, mifupa mbili, macho moja, hivyo hivyo hadi patholojia, kule wanakopasua maiti na kuchungulia vipande vya nyama kwa darubini, ambako nafasi hubaki kila mwaka. Ukiitwa unakwenda mbele, unachukua chaki, unaandika jina lako chini ya idara unayoitaka, kisha unasaini daftari la msajili. Basi. Hapo ndipo utakaposomea ubingwa miaka minne, na tusidanganyane, hapo ndipo utakapozeekea. Daftari likishasainiwa halifutwi, na alasiri ile ile orodha inapelekwa wizarani.

Idara ya watoto mwaka ule ilikuwa na nafasi moja. Ungedhani watoto wameacha kuumwa.

Mimi nilikuwa wa tatu kwa alama. Wa kwanza alitaka upasuaji, wa pili alitaka macho, na walikuwa wameshalitangaza hilo mpaka sisi tukachoka kulisikia. Aliyenifuata nyuma, wa nne, alikuwa Fotokopi. Tulimpa jina hilo mwaka wa kwanza kwa sababu aliandika kila kilichotoka mdomoni mwa mhadhiri, hata pale mhadhiri aliposema, "Samahani, nimepaliwa." Ni mtu mcheshi, mkarimu, hana kinyongo na mtu, ukiumwa yeye ndiye wa kwanza kukuletea maji. Naye alitaka watoto. "Watoto hawana maneno mengi," alikuwa akisema, "na mama zao wanakuogopa. Unataka nini zaidi?" Lakini alijua nafasi ni yangu, na alikuwa ameshajiandaa kwenda mifupa bila manung'uniko.

Nyumbani koti langu lilikuwa tayari. Mama ni fundi cherehani, anashona sare na makoti meupe ya wanafunzi wa chuo chetu, na cherehani yake iko chumba cha mbele, karibu na mlango, ili apate mwanga. Langu alilishona mwenyewe kwa kitambaa kizuri kuliko cha wengine, na juu ya mfuko wa kifuani akadarizi kwa uzi wa buluu: Daktari wa Watoto. Nilimwambia asubiri kwanza siku ifike. Akasema ameshasubiri miaka kumi na tano, yeye si mti.

Miaka kumi na tano ni tangu mdogo wangu afariki. Alikuwa na miaka miwili na nusu, akaugua kifua siku tatu. Mama akamvalisha shati alilomshonea kwa mkono wake, la vifungo vitano, akambeba mpaka zahanati. Daktari alimtazama akiwa upande wa pili wa meza, akaandika kwenye kadi, akampa dawa ya maji, akasema arudishwe baada ya wiki. Wiki haikufika. Mama akisimulia habari hiyo, na anaisimulia kila mwaka kwa maneno yale yale, halalamikii foleni wala dawa. Analalamikia vifungo. "Hakufungua hata kimoja," anasema. "Nilimvua lile shati mwenyewe, mwanangu ameshapoa, vitano vyote nikavikuta vilevile nilivyovifunga."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikiliza. Nikaamua, kwa ule ukali wa mtoto wa miaka tisa, kwamba nitakuwa daktari anayefungua vifungo. Nilisoma shule yote kwa hasira hiyo, na chuo pia.

Sasa nieleze kuhusu kuvuta jana, maana bila hilo hamtanielewa.

Wodi ya watoto ina vitanda ishirini na viwili. Raundi ya Profesa, anapopita kitanda kwa kitanda, huanza saa mbili kamili asubuhi, na Profesa, mkuu wa idara ya watoto, ni mwanamke asiyechelewa. Sisi wanafunzi hufika saa moja. Tulikuwa wawili, mimi na Fotokopi, kila mmoja na watoto wake kumi na mmoja. Kabla ya raundi kila faili linatakiwa liwe na karatasi mpya ya siku hiyo: umemuuliza mama, umepima joto, umehesabu mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika nzima, umemsikiliza mbele na nyuma, umemminya tumbo. Watoto kumi na mmoja kwa saa moja, nao hawakai kama sanamu. Mmoja analia, mwingine amejikojolea, wa tatu amekamata stetoskopu yako anaitafuna. Haiwezekani. Kila mtu pale anajua haiwezekani, na kila asubuhi saa mbili kamili karatasi zote zipo.

Siku yangu ya pili wodini Fotokopi alinikuta natokwa jasho kwenye kitanda cha nne.

"Wewe Mwandiko," akaniambia, maana hilo ndilo jina langu pale, kwa sababu ya herufi zangu nzuri, "unapima wote?"

"Si ndivyo tulivyofundishwa?"

"Utakufa. Sikiliza. Anayeumwa kweli, mpime. Huyu anayesubiri kuruhusiwa, mvute jana."

Kuvuta jana ni kuchukua karatasi ya jana na kuiandika upya na tarehe ya leo. Mtoto aliyekuwa salama jana, leo yuko salama, na zile dakika tano ulizookoa unampa mwenzake mahututi. Hilo lilikuwa na akili. Sikuvuta jana kwa uvivu, na hili naomba niaminiwe hata kama halinisaidii. Nilivuta jana ili nifungue vifungo vya waliokuwa wanaumwa.

Kitanda cha kumi na moja alikuwepo binti wa miaka minne aliyelazwa kwa usaha kwenye mfupa wa muundi. Alikuwa anachomwa sindano za dawa, homa ilishatoka, na kufikia siku ya nne alikuwa akirukaruka kwa mguu mmoja kitandani mpaka manesi wanamfokea. Nilimwachia kalamu yangu aishike wakati naandika, basi akawa ananiita Daktari Kalamu. Aliyekuwa akimuuguza ni bibi yake, mwanamke mkimya anayeongea na watu wa hospitali kama anaomba radhi.

Asubuhi ya siku ya tisa kulikuwa na mvua na baridi. Nilifika kitanda cha kumi na moja zikiwa zimebaki dakika kumi kufika saa mbili. Binti alikuwa amelala ubavu, amevaa sweta lililofungwa vifungo mpaka kooni. Hakuomba kalamu.

"Daktari," bibi akasema, "leo amekataa kula. Na mimi namwona kama anahema. Sijui lakini, nyie ndio mnajua."

Nilisikia viatu vya Profesa kwenye korido. Bado nilikuwa na karatasi mbili.

"Nitarudi, bibi, baada ya raundi," nikasema. Nikafungua faili, nikatazama ya jana, nikaandika: Anaendelea vizuri. Hana homa. Kifua safi. Anapumua mara ishirini na nne kwa dakika. Tumbo laini. Herufi zilikuwa nzuri sana. Ile ishirini na nne niliihesabu kweli kweli siku ya kwanza, saa mkononi, kidole kwenye kifua chake. Tangu hapo nilikuwa naivuta tu.

Profesa alisimama mwisho wa kitanda, akasoma kwa sauti. "Kifua safi, ishirini na nne. Vizuri. Keshokutwa anakwenda nyumbani." Bibi akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Alikuwa ameshaniambia mimi, na mimi nilikuwa nimeshamwahidi. Tukasogea kitanda cha kumi na mbili.

Sikurudi. Natamani ningekuwa na sababu kubwa ya kuwaeleza, dharura, mtoto mwingine aliyezimia. Nilikwenda darasani, nikatoka, nikaenda kula na wenzangu, tukacheka, nikasahau.

Saa kumi jioni nesi alimkuta anapumua mara sitini na nane, midomo imebadilika rangi. Ule usaha ulikuwa umesafiri kutoka mfupani ukalijaza pafu la kushoto na kulizunguka. Waliita madaktari, wakamwekea mrija, wakafanya yote ambayo asubuhi yangetosha. Mimi nilipofika kesho yake saa moja nilikuta godoro limevuliwa shuka na mhudumu analifuta kwa dawa.

Bibi alikuja kuchukua vitu vyake. Lile sweta lilikuwa juu ya mfuko. Nilitaka kujificha chooni lakini aliniona, akaja, akanishika mikono yote miwili.

"Asante, daktari," akasema. "Wewe ulikuwa unamwandika kila siku."

Sijawahi kupigwa maishani mwangu kama nilivyopigwa na asante ile, na yule mama wa watu hakuwa na kejeli hata chembe. Alishukuru kweli.

Jumatano ikafuata kikao cha vifo. Ndivyo tunavyokiita, na kina chai na biskuti. Faili husomwa mbele ya idara nzima ili ijulikane kosa liko wapi. Wakasoma langu. Siku nane kifua safi, siku ya tisa asubuhi kifua safi, jioni mahututi. Wakajadiliana, wakakubaliana kwamba hali ilibadilika ghafla na hapakuwa na dalili za mapema. Kisha Profesa akaliinua faili juu watu waone. "Tazameni mwandiko huu. Siku tisa, hakuna hata moja iliyorukwa. Ndivyo faili linavyotakiwa kuwa." Fotokopi akanigusa bega kwa furaha. Niliitazama biskuti mkononi mwangu mpaka kikao kikaisha.

Wiki tano zilipita hivyo. Nilipima kila mtoto, nikachelewa kila raundi, nikafokewa, sikujali. Usingizi ulinipaa. Na kila nilipoingia nyumbani lile koti lilikuwa linaning'inia ukutani na maandishi yake ya buluu, na Mama akiniuliza Ijumaa ni lini.

Alhamisi, siku moja kabla ya uchaguzi, nilipiga moyo konde nikaenda ofisini kwa Profesa. Ni chumba kidogo, na mizani ya zamani ya kupimia vichanga ameifanya sehemu ya kuwekea karatasi za mitihani. Alikuwa akisahihisha.

"Profesa, yule mtoto wa kitanda cha kumi na moja. Sikumpima."

"Yupi?"

Wiki tano pale kitanda kimoja kinapitiwa na watoto wengi. Nikamweleza. Akaweka kalamu chini.

"Siku hiyo hukumpima?"

"Siku nane. Nilimpima ya kwanza tu. Nyingine nilivuta jana."

Alivua miwani akaishika. Alionekana mzee ghafla, na nikajua analijua hilo neno, kwamba hata enzi zao walikuwa nalo.

"Na mimi nilipita pale siku ngapi?" akauliza.

"Siku zote, Profesa."

"Nikasoma ishirini na nne siku tisa, nikasema vizuri. Hakuna mtoto duniani anayepumua namba moja siku tisa. Nafundisha hilo mwaka wa tatu. Nilikufundisha wewe. Bibi yake alikuwa amesimama hapo hapo, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sikumuuliza."

Nilikaa nikisubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze. Nilikuwa nimeshamwandaa Mama kichwani, nimeshajiona nikirudisha kitambulisho. Badala yake akavaa miwani.

"Kikao kimekwisha na faili limefungwa. Nikilifungua, wa kwanza kuulizwa ni mimi, na sina ujasiri huo, nakwambia ukweli. Kesho njoo watoto."

"Baada ya haya?"

"Wewe sasa unaogopa. Wasioogopa ninao wa kutosha. Nenda, nina karatasi arobaini hapa."

Nilikwenda kutafuta adhabu nikapewa kazi. Nilitembea mpaka nyumbani nimejaa hasira, sijui hata ya nani.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Profesa alikaa safu ya mbele na wakuu wengine wa idara. Wa kwanza akaitwa, upasuaji, makofi. Wa pili, macho, makofi. Nikaitwa mimi. Nawaapia kwamba nilipoinuka kitini nilikuwa nakwenda kuandika watoto. Nilichukua chaki. Nilisimama mbele ya neno lile, WATOTO, na chini yake nafasi moja nyeupe, nikainua mkono. Nikamsikia yule bibi. Wewe ulikuwa unamwandika kila siku. Mkono ukagoma. Niliona nikiandika hapo jina langu kwa mwandiko ule ule mzuri, nitakuwa nimeandika kifua safi mara ya kumi.

Nikatembea mpaka mwisho wa ubao na kuandika chini ya patholojia. Ukumbi ukaguna. Kule, nilijiambia, hakuna atakayenisubiri nirudi. Kule hakuna anayefungwa vifungo mpaka kooni, kila kifua hufunguliwa, na hata ukisahau hakuna wa kumdhuru. Nikasaini daftari. Nilihisi nafuu, nakiri. Kwa muda wa kutoka mezani kwa msajili hadi kwenye kiti changu nilijiona mtu mwaminifu kuliko wote mle ndani.

Kisha akaitwa wa nne.

Fotokopi alinitazama mdomo wazi. Akatazama ubao. Akaenda mbele nusu anakimbia, akaandika jina lake chini ya WATOTO, akapiga mstari chini yake, watu wakampigia makofi na miluzi. Profesa hakupiga makofi. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, ananiangalia mimi.

Fotokopi akarudi akanikumbatia. Alikuwa na machozi.

"Mwandiko, umeniachia! Sitakusahau maishani. Wale watoto ishirini na wawili, wewe usijali kabisa, mimi nawavuta hata nikiwa nimefumba macho."

Alisema kwa utani, kwa mapenzi, kama alivyosema mambo yote. Na hapo ndipo akili ilinirudia. Nilikuwa nimehesabu aibu yangu, usingizi wangu, mkono wangu na chaki yangu. Watoto sikuwahesabu. Nilikuwa nimekimbia kitanda cha kumi na moja na kukiacha na yule aliyenifundisha.

Niliinuka kabla wa tano hajasaini, nikaenda mezani kwa msajili. "Naomba nibadilishe," nikamwambia. "Nimekosea."

Akanitazama kama wanavyotazamwa watu wanaochelewesha foleni. "Dada, umesaini."

"Najua. Naomba."

"Na aliyekufuata ameshasaini. Nimtoe yeye? Kwa kosa gani?"

Jina la tano likaitwa mara ya pili, mwenyewe akanipita ubavuni, nikarudi kukaa. Nilipotafuta safu ya mbele, kiti cha Profesa kilikuwa kimeshajikunja.

Nilifika nyumbani saa nane mchana. Mama alisimamisha cherehani. Uso wake ulikuwa umeshaanza kucheka.

"Wamekupa?"

"Nimechukua patholojia, Mama."

"Ndiyo nini?"

"Maiti. Na maabara."

Alidhani namtania. Alipoona sicheki akaanza kutafuta wa kulaumiwa: walininyang'anya, kuna mkubwa amemweka mtoto wake, twende tukawaone, yeye anamfahamu mke wa msajili, amemshonea magauni. Nikamwacha aseme. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya cherehani, mahali nilipokuwa nikikaa nikiwa mdogo kumwokotea sindano, nikamwambia yote. Nilimwambia mvua, sweta, bibi, viatu kwenye korido. Sikuficha hata kula na kucheka. Mwisho nikasema, "Sikumfungua vifungo, Mama."

Alikuwa ameshika kipande cha kitambaa. Alikikunja mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena. Nilisubiri anipige au alie. Miaka kumi na tano alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumchukia, asiyemjua hata jina, na sasa nilikuwa nimemketisha mbele yake.

"Kwa hiyo ulipojua," akasema taratibu, "ndiyo ukaondoka."

"Nilishindwa kubaki. Ningewatazamaje?"

"Yule daktari wetu naye niliambiwa aliondoka. Nilipokwenda kumuuliza, baada ya msiba, wakasema amehama, amepata kazi ya ofisini. Watu wakaniambia nishukuru, dhamiri imemsuta." Aliweka kitambaa chini. "Mimi sikutaka aondoke, mwanangu. Mimi nilitaka mtoto anayefuata amfungue vifungo."

Nililia, na Mama hakunishika. Si kwa ukatili, nadhani. Mikono yake ilikuwa kama imesahau kazi hiyo.

Tulikuwa hivyo hivyo bado tuliposikia hodi. Fotokopi huingia kabla hajajibiwa. Alikuwa na koti lake jipya mkononi, bado lina mikunjo ya dukani, na uso unang'aa.

"Shikamoo mama! Mama, leo mimi ndiye mwenye sherehe. Nimekuja uniandikie mfukoni, vilevile kama la huyu."

"Marahaba, mwanangu." Mama alilipokea, akalipapasa mshono wa bega kama anavyofanya kwa kila nguo. "Nikuulize kitu."

"Uliza, mama."

"Asubuhi, kabla mkubwa wenu hajapita. Unawafungua vifungo?"

"Wote, mama?" akacheka. "Na Profesa yuko mlangoni? Raundi si itanikuta kitanda cha tatu! Anayeumwa, huyo nitamfungua."

"Utamjuaje?"

Fotokopi alicheka tena, kidogo zaidi, kisha akanigeukia mimi nimsaidie, kama tulivyosaidiana miaka yote ile. Nilitazama sakafu. Kulikuwa na vipande vya uzi kila mahali.

Nilifikiri Mama atamrudishia koti lake. Nilimwomba moyoni amrudishie, kama kwamba darizi ndiyo iliyokuwa na nguvu na siyo lile daftari. Lakini kazi ni kazi, na kijana wa watu hakuwa amemkosea lolote bado. Mama alinyoosha mkono akalitoa koti langu ukutani, akalitandaza mezani, akaliweka la Fotokopi juu yake mfuko kwa mfuko ili apate kipimo cha herufi.

Alitunga uzi wa buluu. Alifanya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni, na Fotokopi akitusimulia ya ukumbini, na herufi zote zikatoka sawasawa na zile za kwanza.